Nani Aliyemcheka Mpemba?

Wapo watu wanaoamini kwamba Tuzo ya Nobel ya fizikia ni jambo la mbali, la wazee wenye nywele zilizotimka na mbao zilizojaa alama, na kwamba mtu wa Ngara au Biharamulo hana la kusema juu yake isipokuwa kukariri majina siku ya mtihani. Nimefundisha fizikia katika wilaya hizo mbili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nathubutu kusema kwamba imani hiyo imetudhuru kuliko uhaba wa vitabu. Nimeisikia kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Lililo baya zaidi, nimeisikia kwa watoto wenyewe, tena wale wenye akili: "Mwalimu, hayo ni ya Wazungu."

Tuanze na huo umbali unaosemwa. Ingia jioni katika nyumba yoyote huko Rulenge au Nyakahura. Koroboi imekwisha kutupwa. Juu ya meza kuna taa ndogo ya sola yenye mwanga mweupe. Mwanga huo mweupe haukuwezekana mpaka walipopatikana watu wa kutengeneza kijitaa cha elektroniki kinachotoa rangi ya buluu, na kwa kazi hiyo Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kando ya taa kuna redio. Marconi na Braun walituzwa kwa simu ya upepo mwaka 1909. Na transista, iliyoifanya redio iweze kubebwa mpaka shambani, iliwapatia Shockley, Bardeen na Brattain tuzo ya mwaka 1956. Mtoto akivunjika mkono akapelekwa hospitali ya Murgwanza, akapigwa picha ya eksirei, hiyo ni kazi ya Röntgen, mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo, mwaka 1901. Hata simu mfukoni mwa babu yake ina kazi ya Kilby wa mwaka 2000. Basi mtoto huyo husoma kwa mwanga wa mwaka 2014, akisikiliza redio ya mwaka 1909 na ya mwaka 1956, halafu asubuhi anakuja kuniambia kwamba mambo haya ni ya mbali!

Wala si kwamba vitu hivyo vinatufikia tu kama mvua. Vingine vinatoka kwetu. Ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara, ina nikeli, na pamoja nayo shaba na kobalti. Imejulikana tangu miaka ya 1970. Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Nobel kwa betri za lithiamu, zile zinazotumika katika simu na sasa katika magari ya umeme. Tuzo ilikuwa ya kemia, lakini Goodenough alisomea fizikia, na ugunduzi wake wa mwaka 1980 ulitumia kobalti. Mzee mmoja wa Kabanga aliniuliza Wazungu wanatafuta nini katika vilima vile visivyoota hata migomba mizuri. Nilimwambia wanatafuta betri. Akacheka, akadhani namtania.

Sasa nije kwa mtu ambaye kila Mtanzania anapaswa kumjua, na ambaye wengi wanaomtaja hawajui kisa chake. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Vijana wa shule ile walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika friji. Friji lilikuwa na nafasi ndogo na wateja wengi. Siku moja Mpemba, akiona nafasi inakwisha, aliyatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake alitia ya kwake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba wao huweka maziwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huwahi kuganda. Angalia, ndugu msomaji: muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa akilijua, na mwalimu wa fizikia alikuwa akilikana. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akafundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walipiga kelele kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kijana akavumilia, akachukua bika mbili katika maabara ya biolojia, akajaribu mwenyewe.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, kutoka Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima akauliza swali lake kwa vipimo: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja kwa nyuzijoto 35 na kingine kwa 100, kwa nini cha moto huganda kwanza? Wenzake walicheka. Osborne naye alishangaa, wala hakuficha kwamba aliona jambo hilo si la kuaminika, lakini alifanya kitu ambacho walimu wawili kabla yake hawakufanya: aliporudi Dar es Salaam aliagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara alileta majibu kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, ila akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi!

Siwezi kumpita fundi huyo haraka. Ndani yake tumo sisi sote. Macho yake yameona, mikono yake imepima, saa yake imehesabu dakika, na bado anaamini kwamba ukweli uko mahali pengine, katika kitabu, na kazi yake ni kurudia mpaka maji ya Dar es Salaam yatii. Nimewaona mafundi kama huyo katika kila shule niliyofundisha. Wanafunzi hupima urefu wa pendulamu, hupata jibu lao, hutazama daftari la aliyetangulia, hufuta lao na kuandika la kitabu. Wakifanya hivyo tunawapa alama zote. Aliyeandika alichokiona tunamkata.

Osborne na Mpemba waliandika makala pamoja, ikachapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza linalohusu ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa chuoni Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, na kazi yake ya maisha ikawa ya wanyamapori. Hapo ndipo ninapokasirika. Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya ushindi, wakakifunga kwa kusema "na leo dunia nzima inaliita jambo hilo athari ya Mpemba." Sawa, inaliita hivyo. Sina neno baya juu ya wanyamapori. Watu wa Biharamulo tunajua thamani ya Burigi. Lakini taifa lililomwona kijana mwenye swali ambalo Aristotle, Bacon na Descartes walikwisha kuligusa, swali ambalo wanafizikia wanabishana juu yake hata leo, halikupata namna ya kumweka kijana huyo katika fizikia. Tumebaki na jina tu, na jina halifundishi mtu.

Upande mwingine wapo wanaopiga kelele kwamba Mpemba alinyimwa Nobel kwa sababu ya rangi yake. Hao nao siungi mkono. Maelezo ya jambo hilo hayajatulia. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa kuwa sehemu hugeuka mvuke, wengine husema ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine mizunguko ya maji chomboni, wengine theluji iliyo chini ya chombo huyeyushwa na joto lake na kukikalisha vizuri juu ya ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza, zikaja barua zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha katika maji, na kwamba hata mahali unapokiweka kipimajoto panaweza kukudanganya. Halafu mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha athari ya namna hiyo waziwazi, si kwa barafu bali kwa punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji wakitumia leza. Jambo ambalo bado linabishaniwa hivyo halipewi Nobel, liwe la Mpemba au la nani. Alichonyimwa Mpemba si medali. Alinyimwa bika mbili na mwalimu wa kumwambia, haya, twende tukaone.

Isitoshe, Nobel yenyewe si mizani ya haki. Haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, wala hatunukiwi aliyekwisha kufariki. Jocelyn Bell, mwanafunzi, ndiye aliyeona alama za ajabu za nyota mwaka 1967; tuzo ya mwaka 1974 ikapewa msimamizi wake, Hewish, pamoja na Ryle. Lise Meitner alisaidia kueleza kupasuka kwa kiini cha atomu, tuzo ikaenda kwa Otto Hahn peke yake. Tuyajue haya, ili tusiabudu.

Nikisema hivyo katika vikao vya walimu, huja jibu moja ambalo nimelichoka: hatuna vifaa. Ni kweli hatuna. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu walifanya mtihani wa karatasi badala ya majaribio, wakachora vifaa ambavyo hawajawahi kuvishika. Zilipokuja shule za kata kuanzia miaka ya 2000 hali ilizidi, na agizo la kujenga maabara tatu kila shule lilipotolewa, wananchi wa vijiji vyetu walibeba mawe na kuchanga fedha. Kuta zikasimama, lakini kuta si maabara. Nayakubali yote hayo. Ninachokataa ni kulifanya kuwa jibu la kila kitu. C. V. Raman wa Kalkuta alikuwa mhasibu wa serikali ya kikoloni, akifanya utafiti wake nje ya saa za kazi kwa miaka kumi. Ugunduzi wake wa mwaka 1928 ulitumia jua, vioo vya rangi na kifaa kidogo cha kuchambulia mwanga, na mwaka 1930 akapata Nobel. Nchi yake ilikuwa bado chini ya Mwingereza, kama sisi.

Mpwa wake, Chandrasekhar, alipiga hesabu akiwa melini kwenda Uingereza mwaka 1930, kijana wa miaka 19, akaona kwamba nyota yenye uzito uliopita kiasi fulani haiwezi kuzeeka kwa utulivu. Mwaka 1935 Eddington, mwanafalaki mkubwa kuliko wote wa siku zile, alimdhihaki mbele ya mkutano mzima kule London. Nobel ikaja mwaka 1983, Chandrasekhar ana umri wa miaka zaidi ya 70. Kwa hiyo kucheka hakukuanzia Magamba wala Mkwawa. Tofauti ni kwamba Chandrasekhar, alipochekwa, alikuwa na chuo cha kumhifadhi, vitabu vya kusoma, na baadaye kazi huko Chicago. Akaendelea. Mtoto wa Ngara akichekwa hurudi kijijini.

Jibu la pili ni la lugha, na hili nalisema nikijua litawaudhi wakubwa. Mtoto wetu huzaliwa akisema Kihangaza au Kishubi. Akianza shule hufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, na anapoanza kupata mwanga anaingia kidato cha kwanza ambako kila kitu kimegeuka Kiingereza. Neno la mvuke limebadilika, neno la joto limebadilika, na swali lake limekwama kooni kwa sababu hajui kulianza. Kisha tunasema watoto wa siku hizi hawaulizi. Mjapani Toshihide Maskawa alipopewa Nobel ya fizikia mwaka 2008 alitoa hotuba yake kule Stockholm kwa Kijapani, na hakuna aliyemwambia kwamba fizikia haiko katika lugha hiyo. Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema swali la kwanza la mtoto lipokelewe katika lugha aliyoliotea.

Na maswali yanakuja, kama ukiyapa mlango. Mwaka mmoja binti wa kidato cha pili, mama yake mfinyanzi, aliniuliza kwa nini mtungi mpya hupoza maji vizuri kuliko mtungi uliotumika miaka mingi, ilhali udongo ni uleule na mkono ni uleule. Swali halikuwemo katika kitabu. Tuliazima mizani ya kupimia kahawa, tukachukua mitungi miwili, tukaijaza asubuhi na kuipima asubuhi na jioni kwa juma zima. Mtungi mpya ulipungua uzito zaidi. Maji yalikuwa yakipenya katika vitundu vya udongo na kugeuka mvuke nje, na mvuke ukiondoka huondoka na joto. Mtungi wa zamani vitundu vyake vilikuwa vimeziba kwa chumvi na tope la maji. Darasa zima lilielewa jambo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa Kiingereza mihula miwili bila mafanikio.

Katika juma hilohilo akafika mkaguzi mmoja. Aliitazama mitungi, akauliza hiyo ni mada ya ngapi katika muhtasari. Nikamwonyesha. Akasema mada haitaji mitungi. Akaandika katika kitabu cha wageni kwamba muda wa vipindi unatumika kwa mambo ya nyumbani, akamwambia binti yule, mbele ya wenzake, kwamba kama anapenda vyungu abaki kwa mama yake. Wanafunzi walicheka, kama walivyocheka wale wa Mkwawa. Binti alimaliza kidato cha nne akafaulu vizuri. Swali la pili hakuniuliza kamwe, na nilimfundisha miaka miwili zaidi.

Mambo ya nyumbani! Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida kubwa la sayansi la Marekani juu ya tanuri za chuma za mkoa huu wetu, za Wahaya, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Walisema mafundi wale walijua kuipasha moto hewa kabla haijafika katika mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao, na wabishane, ndiyo kazi yao. Wazee wachache waliokumbuka ufundi huo ndio waliojenga tanuri upya ili wageni wapime. Huku kwetu upande wa Uzinza walikuwepo Barongo, mafundi wa chuma waliojulikana mbali. Nimewauliza wanafunzi wa Biharamulo kama wamesikia habari hizo. Kati ya madarasa yote niliyofundisha, waliosikia hawakujaza benchi moja, na hao walisikia kwa babu zao, si shuleni. Joto, hewa, mkaa na madini: ni mada nne za muhtasari zimelala chini ya migomba, na sisi tunasubiri boksi la vifaa kutoka Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi hata friji lilikuwa shida. Miji yetu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na usiku yalizimwa au yaliharibika. Siku hizi pale Rusumo, kwenye maporomoko ya Kagera, kuna mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati yetu na Rwanda na Burundi, na maduka ya Ngara mjini yanauza barafu. Kwa hiyo nimeanza kuwaambia vijana wanaonitembelea: azimeni nafasi katika friji la mwenye duka, mchukue vikombe viwili vinavyofanana, mpime maji kwa sirinji, mwandike saa. Mrudie mara kumi, na matokeo yote myaandike, hata yanayomwaibisha Mpemba. Wawili wamekwisha kunijia na madaftari yao. Mmoja aliona maji ya moto yakitangulia mara tatu katika kumi. Mwingine hakuona hata mara moja, akaja akiwa na haya, kama mtu aliyefeli. Nililipokea daftari lake kwa mikono miwili, nikamwuliza friji lilikuwa la aina gani, na vikombe alivikalisha juu ya nini.